Samum: Upepo wa Sumu au Upepo Upenyao?

Msomaji wa Kiswahili akutanaye kwa mara ya kwanza na neno samum, jina la upepo wa moto wa majangwa ya Arabuni na Misri, hahitaji kufungua kamusi ili apate kulidhania maana. Sikio lake hulisikia neno sumu ndani yake, na papo hapo akilini hujengeka picha ya upepo wenye kuua kama alivyoua nyoka. Akifungua kamusi za Kizungu, dhana yake hupata muhuri: nyingi katika hizo husema kwamba samum latokana na kitenzi cha Kiarabu samma, kutia sumu, na nyingine huendelea hadi Kiaramu ambako samma ni dawa au sumu. Hivyo neno huonekana kuwa wazi, na mambo yaliyo wazi hayaulizwi.

Nakusudia kuonyesha hapa kwamba jibu hilo, ijapokuwa si uzushi mtupu, limeweka cha nyuma mbele. Sumu iliingia katika maana ya neno hili baadaye. Asili yake ni kupenya. Nami sisemi haya kwa kuwahukumu wengine. Katika tasnifu yangu ya udaktari, niliyoiandika ughaibuni, imo tanbihi inayoeleza kwamba sumu ya Kiswahili na samum ya Kiarabu ni "maneno ya tumbo moja, la pili likiwa jina la upepo wenye sumu". Mtahini mmoja aliisifu tanbihi hiyo. Nikarudi nyumbani nikawafundisha wanafunzi wangu hivyo kwa miaka kadhaa, na hakuna aliyebisha, kwa sababu sote tulikuwa na sikio lile lile.

Aliyenitia shaka hakuwa mwanachuoni wa lugha. Alikuwa mzee mmoja wa Unguja ambaye katika ujana wake alisafiri kwa jahazi hadi Sur na Kuwaiti. Nilikuwa nikimwuliza habari za majina ya pepo, na katika mazungumzo nikamweleza, kwa kujiamini kwa mwalimu, kwamba samum ni upepo wa sumu. Akatikisa kichwa. "Si sumu, mwanangu," akasema. "Ule huingia. Unajifunika shuka, nao unaingia. Unafumba mdomo, unaingia." Maneno ya baharia si ushahidi wa asili ya neno, hata mzee mwenyewe hakuyatoa kwa nia hiyo. Lakini yalinirudisha kwenye kamusi za Waarabu wenyewe, ambazo, kwa aibu yangu, nilikuwa nimezisoma kupitia kwa wengine tu.

Tuanze basi na kamusi hizo. Ibn Faris, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya kumi na moja, aliandika kamusi ambayo kazi yake hasa ni kutafuta maana ya msingi ya kila mzizi. Katika mzizi wa sini na mimu asema kwamba msingi wake ni mahali pa kuingilia ndani ya kitu, kama tundu. Kisha aipanga sumu chini ya msingi huo, kwa hoja kwamba hutua mwilini na kuingiliana nao. Na mwisho autaja upepo wa moto, kwamba nao pia huingia miilini, tena kwa nguvu. Msomaji aangalie mpango huo. Kwa Ibn Faris upepo si mtoto wa sumu. Upepo na sumu ni ndugu wawili, na mzazi wao ni tundu.

Tundu hilo si geni kwa Waswahili waliosoma chuoni. Katika sura Al-Araf, aya ya 40, imetajwa tundu ya sindano ambayo ngamia hana njia ya kupitia, na neno la Kiarabu hapo ni samm, herufi kwa herufi sawa na neno la sumu. Kadhalika Waarabu huviita masamm vile vitundu vya ngozi vitokavyo jasho, ambavyo sisi twaviita vinyweleo. Kiswahili kilipokopa kutoka mzizi huu kilichukua sumu peke yake. Tundu tulikuwa nalo la Kibantu, na vinyweleo pia. Hatukuwa na haja ya vingine. Na hapa ndipo penye chanzo cha kosa letu: tulipokea tawi moja la mti, kisha tukadhani kwamba kila jani la mti ule limetoka katika tawi letu.

Wafasiri wa Kurani wako upande wa Ibn Faris. Neno samum limo katika Kurani mara tatu: katika Al-Hijr aya ya 27, ambapo majini wameelezwa kuwa waliumbwa kwa moto wa samum, katika At-Tur aya ya 27, ambapo watu wa peponi washukuru kuepushwa na adhabu ya samum, na katika Al-Waqia aya ya 42, ambapo samum imewekwa pamoja na maji yachemkayo na kivuli cha moshi mweusi. Al-Baydawi, mfasiri wa karne ya kumi na tatu, katika mahali pote patatu atumia habari ya joto au moto upenyao katika masamm, yaani vinyweleo. Muktadha nao wamuunga mkono. Pale Al-Waqia vilivyotajwa ni upepo, maji na kivuli, vitu vitatu ambavyo msafiri wa jangwani huvitamani ili vimpoze, na kila kimoja kimegeuzwa kuwa joto. Sumu haina mahali katika picha ile, ukiitia, waiharibu.

Ni haki kumtaja pia aliye upande mwingine. Ar-Raghib al-Isfahani, katika kamusi yake ya maneno ya Kurani, aueleza upepo huu kuwa ni upepo wa moto ufanyao kazi kama ya sumu. Watetezi wa "upepo wa sumu" wana shahidi hapo, na shahidi mwenye heshima. Lakini msomaji atazame mistari iliyo kabla yake: Ar-Raghib aanza na tundu jembamba, na asema kwamba sumu yenyewe imeitwa hivyo kwa kuwa huingia ndani ya mwili kwa wepesi wake. Kwa hiyo hata yeye, akiulinganisha upepo na sumu, aulinganisha katika kuingia. Mfano wake ni wa tendo. Hajasema kwamba upepo umebeba sumu.

Hadi hapa nimewafuata wanazuoni wa Kiarabu kana kwamba neno lao ni la mwisho. Sivyo. Ibn Faris alikuwa na tabia ya kuukusanya kila mzizi chini ya paa moja, na palipokuwa na maana mbili zisizohusiana alipata mara nyingi njia ya kuzihusisha. Ile hoja kwamba sumu imeitwa samm kwa sababu hupenya mwilini ni nzuri, lakini ni nzuri mno. Chakula nacho huingia mwilini, na dawa pia. Tukizitazama lugha jamaa za Kiarabu mambo yaonekana vingine. Katika Kiakadi, lugha ya kale ya Iraki, shammu ni mmea, jani, na kwa hivyo dawa. Katika Kiaramu samma ni dawa, na pia sumu. Katika Kiebrania cha Biblia sammim ni manukato, vitu vya harufu nzuri vilivyoamriwa katika kitabu cha Kutoka kwa ajili ya uvumba. Hakuna tundu hapo wala kupenya. Kuna majani, na mambo ambayo binadamu huyafanya kwa majani: kuponya, kufukiza, kuua. Tena sauti ya kwanza ya maneno hayo hailingani jinsi ambavyo ingelingana lau yote yangekuwa urithi wa lugha mama moja. Kiakadi kina sh mahali ambapo Kiaramu na Kiebrania zina s ya aina ambayo kwa kawaida haiikabili sh hiyo. Hiyo ni dalili ya mkopo uliosafiri kutoka Iraki kuelekea magharibi. Yamkini sana Kiarabu nacho kiliipokea samm ya sumu kutoka Kiaramu, pamoja na biashara ya dawa.

Ikiwa ndivyo, basi Kiarabu kilikuwa na mizizi miwili iliyofanana sauti: mmoja wa wenyeji, wenye maana ya tundu na kupenya, na mwingine mgeni, wenye maana ya dawa na sumu. Kwa karne nyingi viliishi katika nyumba moja hata wenyeji wakasahau kwamba mmoja alikuja na mzigo wake. Swali letu basi lawa hili: upepo ulizaliwa na yupi?

Nadhani umbo la neno latoa jibu, na nastaajabu kwamba hoja hii haitiliwi mkazo unaostahili. Samum iko katika kipimo ambacho sarufi ya Kiarabu hukiita faul, chenye a fupi katika silabi ya kwanza na u ndefu katika ya pili. Sasa tazama majina mengine ya pepo katika Kiarabu cha kale. Dabur ni upepo wa magharibi. Mzizi wake ni ule ule uliotupa sisi duburi, nyuma, kwa kuwa ni upepo ujao kwa nyuma. Qabul ni upepo wa mashariki, ujao kwa mbele. Mzizi wake ndio uliotupa kibla. Janub ni upepo wa kusini, na mzizi wake ni wa ubavu. Mtu amesimama jangwani na pepo zapewa majina kwa namna zinavyomfikia: huu wanipiga mgongoni, huu wanikabili, huu wanijia ubavuni. Katika safu hiyo samum yakaa bila kusukumwa: huu waniingia. Lakini tukisema "huu wanitia sumu" tumeiacha safu, tumeingia katika uganga.

Kuna jina moja linaloniletea taabu, nalo ni harur, ambalo ni la kipimo hicho hicho na pia ni upepo wa moto. Limetajwa katika sura Fatir, aya ya 21, likiwa kinyume cha kivuli. Hili limetoka katika harr, joto, ambalo nasi tunalo katika hari na harara; kwa hiyo lataja sifa ya upepo wala si njia yake ya kumfikia mtu. Abu Ubayda alisema kwamba samum ni ya mchana na huweza kuwa ya usiku, na harur ni ya usiku na huweza kuwa ya mchana, maelezo ambayo msomaji atayacheka kidogo kabla ya kukubali kwamba ndivyo lugha ilivyo. Lakini jambo moja lajulikana kwa hakika. Kiarabu kilipotaka kuutaja upepo kwa joto lake kilikuwa na neno tayari. Samum ilikuwapo kwa kusema jambo jingine.

Yapo pia majina ya pepo za moto yaliyotungwa kwa desturi tofauti kabisa. Wamisri wana hamasini yao, ambalo kwa asili ni neno letu hamsini, kwa sababu ya siku zake zisemwazo kuwa ni hamsini. Edward Lane, aliyekaa Misri na kuandika juu ya desturi za watu wake mwaka 1836, alizihesabu siku hizo kuwa 49, kuanzia siku inayofuata Pasaka ya Wakopti. Katika pwani ya Batina ya Omani upepo wa moto utokao jangwani wakati wa kiangazi huitwa gharbi, wa magharibi. Jina moja ni la kalenda na jingine ni la dira. Lane huyo huyo aliitenga samum na hamasini: samum, asema, ni kali zaidi, lakini ni ya muda mfupi, aghalabu robo saa au dakika ishirini. Upepo wa dakika ishirini hauwezi kupewa jina la kalenda. Hupewa jina la kile ulichokufanya.

Basi sumu ilitoka wapi? Kwa sehemu ilitoka kwa Waarabu wenyewe, maana mizizi miwili ikisha kuchanganyika ni vigumu kwa msemaji kutoisikia ya pili anapoitaja ya kwanza. Waturuki walifanya vivyo hivyo: samyeli yao ni sam na yel, upepo, na Mturuki asikiaye sam hukumbuka sumu. Lakini kwa sehemu kubwa ilikuzwa na wasafiri. Marco Polo alisimulia habari za jeshi la mfalme wa Kerman, wapanda farasi 1,600 na askari wa miguu 5,000, lililokwenda kuishambulia Hormuz na kufishwa lote na upepo wa moto njiani. James Bruce, aliyevuka jangwa la Nubia mwaka 1772 na kuchapisha safari zake mwaka 1790, aliuona ukija kama ukungu wa rangi ya zambarau, akalala kifudifudi, na baadaye akalalamikia kifua chake kwa muda wa karibu miaka miwili. Bruce ndiye aliyelitambulisha neno kwa wasomaji wengi wa Kiingereza, pamoja na ile i ya silabi ya kwanza iliyobaki katika Kiingereza na Kifaransa. Mtu aliyesoma visa kama hivyo kisha akaambiwa kwamba jina la upepo lafanana na neno la sumu, angehitaji ushahidi gani zaidi?

Ilhali ukweli wa maumbile ni wa kawaida kuliko visa hivyo. Mwili wa binadamu una joto la nyuzi 37 hivi za Selsiasi. Upepo ulio chini ya hapo huupoza. Upepo ulio juu ya hapo huuongezea joto, na ukiwa mkavu hulinyonya jasho kabla halijaonekana, hata maji ya mwili yakaisha. Anayekufa hufa kwa joto na kwa kiu. Hewa yenyewe haina sumu yo yote. Mzee wa Unguja alikuwa karibu na ukweli huo kuliko Bruce.

Kwetu pwani upepo wa namna hii haupo. Kaskazi ni ya joto, lakini imepita baharini na ina unyevu. Hutoa jasho, haikaushi. Kwa hiyo samum ilitufikia kwa njia ya kitabu na kwa njia ya simulizi za mabaharia, wala si kwa ngozi zetu, na neno lisilo na kitu chake hutegemea sikio peke yake. Sikio la Mswahili lilikuwa na sababu ya pili ya kukubali sumu. Sisi husema kwamba mtu amepigwa na upepo mbaya, na upepo na pepo ni neno la shina moja katika lugha yetu. Tena ile aya ya Al-Hijr yahusu majini. Moto, upepo, jini, sumu: vyote vyaungana bila kulazimishwa. Muungano huo ni wa Kiswahili, nao ni mzuri, lakini haufai kurudishwa Arabuni ukaitwa asili ya neno.

Jambo hili lina matokeo katika kazi mbili tulizo nazo mkononi. Ya kwanza ni tafsiri. Godfrey Dale katika tafsiri yake ya 1923, na Sheikh Abdulla Saleh Farsy katika ile iliyokamilika mwaka 1969, kila mmoja alilazimika kulikabili neno hili mahali patatu, na kila atakayewafuata atalazimika pia. Pale At-Tur na Al-Waqia kuutaja upepo na joto lake kwatosha, na kuongeza kupenya kwafaa. Pale Al-Hijr ni pagumu zaidi, maana hapo samum ni sifa ya moto: ukiufasiri kwa upepo wa moto, wapata moto wa upepo wa moto, sentensi inayozunguka na kujirudia. Mimi ningethubutu kusema moto upenyao, na kumwacha upepo nje kabisa. Lakini atakayesema moto wa sumu atakuwa ameliingiza katika aya jambo ambalo halikuwamo.

Kazi ya pili ni kamusi. Mtu akitaka kulitia neno hili katika Kiswahili, asiifuate i ya Kiingereza. Konsonanti ya midomo mwishoni mwa neno la Kiarabu hutupa u: salamu, haramu, elimu, hukumu, sababu, na sumu yenyewe. Kwa hiyo ni samumu, nomino ya ngeli ya N kama maneno mengine ya namna hiyo. Mwandishi wa kamusi ajihadhari pia na maandishi yasiyo na irabu. Sini, mimu, wau, mimu huweza kusomwa samum, upepo, na pia sumum, wingi wa samm, yaani sumu nyingi au matundu mengi. Mnakili mwenye haraka aweza kumwua mtu kwa sumu pale ambapo mtungaji alimchoma kwa upepo tu.

Katika maelezo ya asili ningeandika hivi: samumu, upepo mkali wa moto wa jangwani, kutoka Kiarabu, kwa mzizi wenye maana ya kupenya, baadaye ulihusishwa na sumu kwa kufanana sauti. Na chini ya sumu ningeondoa kabisa rejeo la kwenda samumu, na mahali pake nikaweka Kiaramu na Kiakadi, kwa alama ya shaka. Nakala ya tasnifu yangu iliyopo katika maktaba ya chuo nilikosoma bado ina ile tanbihi. Nimepeleka karatasi ya masahihisho, na nimeomba ibandikwe katika ukurasa huo huo, wala isiwekwe mwishoni.